Asubuhi ya Kupigwa Picha Mwakiro

Kompyuta ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa ya chaki. Mkufunzi wetu wa ufundishaji, pale chuo cha ualimu Gitega, aliichora ubaoni siku ambayo umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Chumba chenye kompyuta za kweli kilikuwa kimefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda Itaba msibani. Mkufunzi hakutaka kipindi kipotee bure. Alichora vitufe vyote, herufi moja moja, tukavichora na sisi kwenye daftari, kisha akatuamuru tuanze kubonyeza karatasi kwa vidole vyote kumi. Nilibonyeza kidogo, nikashindwa kujizuia, nikacheka. Aliponiuliza kinachonichekesha ni nini, nikamwambia kompyuta yangu imeganda. Alinitoa nje.

Sikuwa mtoto wa kutolewa nje. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani, na sababu yake ni rahisi. Nilikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, nikasoma kwa Kiswahili mpaka nikavuka shule ya msingi. Amani iliporudi tulirudi na sisi, tukaenda kukaa Mwakiro, mkoani Muyinga, kwenye shamba la babu yangu. Huku masomo ni Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo nilirudishwa nyuma, nikakaa dawati moja na watoto walionifikia kifuani. Kirundi nilikisikia vizuri, maana wazazi walikuwa wakizungumza wao kwa wao, lakini sisi watoto tulikuwa tukiwajibu kwa Kiswahili. Ulimi wangu ulikuwa umeshazoea njia yake. Mpaka leo nikizungumza Kirundi sokoni, muuzaji huniuliza nimetoka Tanzania lini.

Mkufunzi huyo huyo wa kompyuta ya chaki ndiye aliyenieleza mbele ya wenzangu kwamba hilo lingenigharimu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema anachokiona, bila kupaka mafuta. Alisema mtoto wa darasa la pili hujifunza kusoma kwa kuiga kinywa cha mwalimu, na kinywa changu kingewapoteza. Mitihani ya karatasi naweza kufaulu, alisema, lakini mazoezi ya kufundisha ataniangalia kwa macho yake mwenyewe, na kama hakuridhika, nitarudia mwaka. Baba alikuwa ameshaniambia kwamba mwaka wa kurudia haupo, kwa sababu nyuma yangu kuna wadogo zangu watatu wanaosubiri zamu ya kusoma. Mimi nilitaka kuwa mwalimu tu. Sikuwa na mpango mwingine wowote maishani, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyezaliwa akiongea Kirundi bila jasho.

Hasira ndiyo iliyonipeleka sokoni kutafuta simu. Pale soko la Gitega kulikuwa na Mkongomani mmoja wa Kivu Kusini aliyeuza simu zilizokwisha kutumika, na spika zake zilipiga kwaya za kanisa kuanzia asubuhi mpaka anafunga. Nilimwambia nataka simu inayorekodi sauti na kupiga picha, mengine hayanihusu.

"Dada, mi nakuambia ukweli wa Mungu," alisema, akiifuta simu kwenye shati lake. "Hii iko muzuri. Ila memori ya ndani iko kidogo sana. We usijaze mambo mingi ndani, itakufungia. Njo maana mi nakupa na karte, unaweka bitu byako kwa karte."

"Na ikijaa kabisa?"

"Ikijaa, unafuta. Ao unalia. Watu wengi balikuwa kulia hapa mbele yangu."

Nilicheka, nikaichukua. Karte aliyoisema ilikuwa kadi ya memori, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na niliiona kama zawadi ya kufungia biashara. Sikujua kwamba mwaka wangu wote ungekaa juu ya kile kikadi.

Chumbani nilikaa na msichana wa Makebuko, mtoto wa wakulima, mwenye Kirundi kilichonyooka na kicheko cha kuamsha mabweni mawili. Nilimwomba anisomee vitabu vya darasa la pili, mimi nirekodi. Mwanzoni aliona kichekesho kikubwa kwamba mwanachuo mzima anasomewa hadithi ya mbuzi na mhunzi. Lakini alikuwa na moyo. Alisoma ukurasa mzima taratibu, halafu mimi nikarudia, halafu yeye akaangua kicheko, halafu akanisahihisha sauti inapopanda na inaposhuka, na yote hayo yaliingia kwenye kadi. Nikawa nasikiliza nikifua, nikichota maji, nikipanga foleni ya chakula. Wenzangu walidhani nimepata mchumba anayenitumia ujumbe wa sauti. Niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu mchumba ana heshima kuliko mbuzi na mhunzi.

Nikasonga mbele kidogo. Si sana, lakini niliweza kusoma ukurasa bila darasa zima kuinua shingo.

Zamu ya mazoezi ya kufundisha ilipofika, niliomba nipelekwe nyumbani Mwakiro, nikakubaliwa. Nilipewa darasa la pili kwenye shule ya kilimani kwetu. Wanafunzi walikuwa wa aina mbili, na wao wenyewe walijua nani ni nani: watoto wa abahungutse, yaani sisi tuliorudi kutoka ng'ambo, na watoto wa wale waliobaki nchini wakati wote. Walicheza pamoja vizuri. Wakigombana ndipo mmoja alipomwambia mwenzake arudi kwao Tanzania. Mimi nilipofungua kinywa siku ya kwanza, watoto wa waliobaki walicheka, na watoto wa abahungutse waliinama kwa aibu, kwa sababu nilisikika kama mama zao.

Nikapata dawa. Baba alikuwa na redio ndogo, zile zenye tundu la kuingiza kadi. Nilitoa kadi kwenye simu, nikaichomeka kwenye redio, nikaiweka juu ya meza ya mwalimu, na yule msichana wa Makebuko akawasomea watoto hadithi kwa sauti yake safi. Mimi nikawa nasimamisha redio, nauliza maswali, naandika maneno ubaoni. Watoto walipenda kupita kiasi. Walikuwa wakiiamkia redio asubuhi. Mkuu wa shule alipita dirishani, akasikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na nikajiambia kwamba mkufunzi akija atakuta darasa linasoma vizuri na kinywa changu hakina la kupoteza. Hata mada ya mazoezi mwaka huo ilikuwa kutumia teknolojia katika kufundisha. Niliona nimemaliza kazi.

Kisha mafuta yakaadimika. Magari yalilala kwenye foleni za vituo, pikipiki zikapandisha nauli, na mkufunzi akanipigia simu kutoka Gitega. Alisema Muyinga hafiki mwaka huu. Badala yake nijirekodi kwa video nikifundisha somo zima, kuanzia salamu mpaka maswali ya mwisho, bila kukata, nyuso za watoto zionekane na ubao uonekane. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Asiyetuma atahesabiwa kuwa hakufundisha.

Ilikuwa Jumatatu. Video ya namna hiyo huwezi kuituma kwa mtandao kutoka Mwakiro, hata ukipanda juu ya kilima chenye minara ya simu. Kulikuwa na njia moja tu: nipige video, niende Muyinga mjini, nimpe dereva wa basi kadi iliyofungwa kwenye karatasi aifikishe Gitega. Nilipanga kufundisha Jumatano asubuhi. Simu ingepiga video na kuiweka kwenye memori yake ya ndani, ambayo ilitosha somo moja tu. Kadi ingekaa kwenye redio ikisoma hadithi. Baada ya somo ningehamisha video kwenye kadi na kuiaga. Nilipiga hesabu hiyo mara nyingi, na mara zote ilitoka.

Mkuu wa shule alikuwa na sharti moja. Alisema watoto hawapigwi picha bila wazazi kujua, kwa hiyo niwaambie. Jumanne mchana nilisimama mbele ya darasa, nikawaambia kwa Kirundi changu: kesho mje nyote, msikose hata mmoja, mje mmeoga na nguo safi, na nyumbani mseme kwamba mtapigwa picha.

Ndivyo nilivyosema. Mahali pengine popote katika nchi ile mwalimu angeweza kusema hivyo na kesho yake akafundisha kwa amani.

Jumatano nilifika mapema, simu imejaa moto, nimeichaji kwa kinyozi wa senta. Nilipopanda kile kijilima cha shule nikaona uwanja umejaa. Si watoto tu. Watu wazima, akina baba waliovaa makoti, akina mama wenye watoto mgongoni, vikongwe walioletwa kwa baiskeli. Na hawakusimama ovyo. Walikuwa wamejipanga familia kwa familia, baba mbele, mama pembeni yake, watoto kwa kimo mpaka yule wa kubebwa, ambaye ameinuliwa uso uonekane. Kati ya familia moja na nyingine kulikuwa na nafasi. Wengine walishika vifuani mwao zile karatasi za kambi, zilizokunjwa na kukunjuliwa mpaka zimepasuka kwenye mikunjo. Hakuna aliyekuwa akizungumza kwa sauti.

Nilisimama njiani. Nilijua mara moja ni kitu gani. Sisi tulipigwa picha hivyo hivyo. Kambini, ukisikia watu wanaambiwa mtapigwa picha kesho, mje nyote, mje mmeoga, maana yake ni kwamba mnaandikishwa. Familia yote mbele ya kamera, baba ameshika kibao chenye namba. Asiyekuwepo pale hayupo. Shangazi yangu alikuwa ameenda kutafuta kuni siku hiyo, akarudi jioni na mzigo kichwani akakuta meza zimekunjwa, na tangu hapo alikula kwenye sahani zetu kwa sababu hakuwa na fungu lake. Picha ndiyo iliyokuwa inasema wewe ni mtu. Nilikuwa nimepigwa picha hiyo nikiwa na meno mawili yameng'oka, na bado nikasimama mbele ya watoto wa watu wale wale na kuwaambia waende kwao wakatangaze.

Kando, karibu na choo cha walimu, walisimama watu wengine, wale waliobaki nchini. Wao hawakujipanga. Walikuja kwa sababu walisikia abahungutse wanaandikishwa tena, na walitaka kujua ni kitu gani kinagawiwa safari hii, na kwa nini wao hawamo. Mama mmoja wao, jirani yetu mwenye shamba linalopakana na letu, alikuwa ameshika kiuno.

Mkuu wa shule alinijia mbio. "Madamu stajeri," aliniita, kama wanavyomwita mwalimu wa mazoezi, "ni nini hii tena? Mi nilisema uwaambie wazazi, sikusema ulete wazazi! Iko mukutano? Nani aliruhusu?"

Nilimweleza. Alishika kichwa. Akasema niwafukuze, kengele inakaribia.

Nikasimama juu ya jiwe, nikawaambia, kwa Kiswahili, kwa sababu Kirundi kilinikimbia. Niliwaambia hakuna kuandikishwa. Hakuna msaada, hakuna safari, hakuna anayerudishwa kokote. Ni mimi tu, ninajirekodi nikifundisha, mwalimu wangu wa Gitega anione. Warudi shambani, watoto waingie darasani.

Hakuna aliyetikisika. Mzee mmoja alisema kwa upole kabisa, "Binti, hata wale wa kambini walituambia ni kwa ajili ya shule. Na kesho yake ndiyo tukasikia tunaondoka." Watu wakaitikia kwa kuguna. Nikawaita watoto wangu waingie darasani. Watoto waliwatazama baba zao, wakabaki kwenye mistari.

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu. Alikuwa mstari wa tatu, amevaa kitenge chake cha kanisani, baba kulia kwake, wadogo zangu watatu wamejipanga. Kati ya mama na mdogo wangu anayenifuata kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Mama," nilimwambia, karibu nilie kwa hasira, "hata wewe? Jana usiku si nimekueleza?"

"Umenieleza."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Wewe ni mtoto, unaambiwa unachoambiwa," alisema. "Njoo usimame hapa. Ikiwa si kitu, hatujapoteza kitu."

Nilitaka kupiga kelele. Kengele iligongwa, na darasa langu lilikuwa tupu. Jua likipanda, dirisha la darasa lile huingiza mwanga mkali na ubao hauonekani kabisa kwenye picha, kwa hiyo nilikuwa na saa moja, si zaidi. Alhamisi ilikuwa siku ya kazi za jumuiya iliyotangazwa na wilaya, shule imefungwa. Nisipofundisha leo, sikufundisha. Mkuu wa shule alikuwa akiniangalia. Niliangalia simu, niliangalia mistari, na nikajua kwamba kwa maneno sitawatoa pale hata nikisema mpaka jioni, kwa sababu maneno walikuwa wameyasikia mengi.

Nikampa mkuu wa shule simu. Nikaenda kusimama kwenye ile nafasi, kati ya mama na mdogo wangu. Mama alinirekebisha kola bila kunitazama. Mkuu wa shule akapiga.

Kisha nikachukua simu nikazipiga picha familia zote. Moja baada ya nyingine, nikimwonyesha kila baba uso wake kwenye kioo, aone kila mtu yumo. Hakuna kibao, hakuna namba. Walikagua kwa makini, wakihesabu vichwa kwa kidole, na mmoja akaomba irudiwe kwa sababu mtoto alikuwa amefumba macho. Baada ya kuiona picha yao, watoto waliachiwa mikono, wakaingia darasani wenyewe. Nilipomaliza abahungutse, yule jirani yetu aliyeshika kiuno akaja mbele na watoto wake wanne. "Na sisi tuko watu," alisema kwa Kirundi. Nikawapiga na wao, na wenzake wote waliofuata.

Darasani niliweka redio mezani, nikamkabidhi mkuu wa shule simu tena, asimame juu ya kiti pembeni arekodi. Akabonyeza. Akanitazama. Akabonyeza tena.

"Inakataa," alisema. "Inasema imejaa."

Nilimkumbuka Mkongomani na watu wake wanaolia. Memori ya ndani ilikuwa imemezwa na picha. Ningeweza kuzifuta pale pale, ilikuwa kazi ya kidole kimoja, lakini madirisha yote yalikuwa yamejaa vichwa vya wenye picha, na mama alikuwa dirisha la kwanza. Wangeniona nikiwafuta. Njia nyingine ilikuwa kadi. Kwenye kadi kulikuwa na nafasi, lakini kadi ilikuwa kwenye redio, na ikitoka kwenye redio msichana wa Makebuko ananyamaza. Kadi ni moja, na kuzihamishia picha humo kisha kuirudisha redioni kungemaliza muda uliobaki kabla ya jua kufika dirishani.

Nilipiga moyo konde, nikaichomoa. Redio ikazima taa yake. Watoto wakalalamika, "Aaa," kwa pamoja. Nikaweka kadi kwenye simu, mkuu wa shule akapanda kitini, akanionyesha dole gumba. Nikachukua kitabu nikaanza kusoma kwa kinywa changu mwenyewe.

Nilisoma vibaya. Sitatia chumvi na sitapunguza. Mstari wa kwanza ulipita, wa pili watoto wakaanza kuchekea mikononi, wa tatu nikayapandisha maneno pasipopanda. Jasho lilinitoka mpaka ukurasa ukalowa. Nilikuwa naiona sura ya mkufunzi ndani ya lile jicho dogo la simu. Nikafika kwenye neno ambalo msichana wa Makebuko alikuwa amenirudisha mara zisizohesabika, nikalikosea tena. Kutoka dirishani sauti ya jirani yetu ikalitamka kwa nguvu, jinsi linavyotakiwa kutamkwa, kwa ule ukali wa mtu aliyechoka kusikia.

Mama yangu aligeuka akamtazama yule mama kwa jicho ambalo nalijua. Niliona ugomvi unakuja, na mkuu wa shule kitini na simu mkononi, bila kukata, kama alivyoagizwa.

"Rudia, mama," nilimwambia jirani. Sikufikiri. Nilikuwa nimechoka kushindana. "Rudia, watoto wakusikie."

Akashangaa, akarudia kwa sauti ya chini zaidi. Nikawaambia watoto wamfuate. Wakamfuata wote, wa abahungutse na wa waliobaki, na mimi nikafuata pamoja nao. Kisha nikaendelea kusoma, na kila nilipokwama niligeukia dirishani, naye alikuwa tayari. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa hadithi. Kwenye maswali watoto walijibu vizuri sana, kwa sababu hadithi walikuwa wameielewa. Mkono wa mkuu wa shule ulichoka, akahamishia simu mkono wa pili, na video nzima kuanzia hapo imeegemea upande.

Mchana huo huo nilipanda pikipiki mpaka Muyinga, nikaikunja kadi kwenye karatasi, nikampa dereva. Nilirudi nikiwa na uhakika kwamba nimeshindwa. Nilimwambia baba waziwazi, naye akasema tutaona, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshaona.

Mkufunzi alipiga simu Jumamosi. Nilikuwa uani na mama, tunachambua maharage. Alianza na makosa, kama kawaida yake, na yalikuwa mengi: matamshi, ubao kujaa upande mmoja, video kuinama.

"Na teknolojia iko wapi?" aliuliza. "Niliomba utumie teknolojia. Niliona redio imezimwa juu ya meza, na mama mmoja dirishani. Huyo mama ndiye teknolojia yako?"

Akacheka kidogo, na sikuwahi kumsikia akicheka. Akasema mwalimu asiyejua kitu na akawatafutia watoto anayekijua, huyo anaweza kupewa darasa. Halafu akasema kwamba kwenye kadi alikuta na mambo mengine, sauti za mwaka mzima, mtu anasomewa, anarudia, anachekwa, anarudia. Alizisikiliza zote. Nilishikwa na hasira papo hapo, maana nani alimwambia afungue za watu? Nilitaka kumuuliza hivyo hivyo. Lakini alikuwa ameshasema nimefaulu, na nikasema asante.

Nilipomwambia mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaitikia kutoka ng'ambo ya mpaka wa shamba. Kisha akarudi kwenye maharage. Baada ya muda akaniuliza nitafundisha wapi. Nilimwambia sijui, wanapanga wao, yaweza kuwa Gitega, yaweza kuwa mkoa ambao hatujawahi kufika. Akauliza kama watatupeleka sote. Nikamwambia hapana mama, mwalimu hupelekwa yeye tu.

Akaendelea kuchambua. Tulipokuwa wadogo kambini, usiku wa kuamkia kupigwa picha, alikuwa akitufundisha jibu la kusema wale watu wakituinamia na kutuuliza: niko na mama, niko na baba, niko na hawa. Alitupanga ukutani, akatuuliza mmoja mmoja, na asiyejibu vizuri alirudia. Mimi nilikuwa mkubwa, nilijibu wa kwanza.

"Sasa sikiliza," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ukifika huko wakikuuliza uko na nani, usituseme. Sema uko peke yako. Wakisikia una watu nyuma yako watakuchelewesha."

Nikamwambia sawa. Akaniambia niseme nisikike, nikasema, "Niko peke yangu," na sauti ikanikatika. Akanitaka nirudie.